Louis Agassiz: Mwalimu wa Walimu wa Sayansi

Aghalabu mwanasayansi hukumbukwa kwa aliyoyagundua. Louis Agassiz ni miongoni mwa wachache wanaokumbukwa pia kwa namna walivyofundisha, na hasa kwa majuma machache ya mwaka wa 1873 alipowakusanya walimu wa shule kisiwani, akawataka waviweke vitabu kando na kuvichunguza viumbe vyenyewe.

Agassiz alizaliwa tarehe 28 Mei 1807 katika kijiji cha Môtier, Uswisi. Babake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti. Alisomea udaktari na elimu ya viumbe katika vyuo vya Zürich, Heidelberg na Munich, kisha akafundisha Neuchâtel kuanzia mwaka wa 1832. Kazi yake kuhusu visukuku vya samaki ilimpa sifa kote Ulaya. Mnamo 1837 aliwashangaza wenzake alipodai kwamba hapo kale barafu ilikuwa imelifunika eneo kubwa la bara hilo. Wapo waliomtangulia katika wazo hilo, Jean de Charpentier akiwemo, na si haki kuwasahau. Hata hivyo, Agassiz hakutosheka na madai. Alipanda milima ya Alps, akapiga kambi kando ya jabali juu ya barafu ya Unteraar, akachomeka vigingi humo na kurejea baadaye kupima vilikuwa vimesogea kwa kiasi gani.

Mwaka wa 1846 alivuka bahari kwenda Marekani, na muda si muda akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Huko ndiko mbinu yake ya kufundisha ilikokuja kusimuliwa kama ngano. Mwanafunzi mgeni, mathalani Samuel Scudder, alipewa samaki mmoja aliyehifadhiwa katika spiriti, akaambiwa amtazame. Hakuruhusiwa kutumia kioo cha kukuzia wala kifaa kingine. Baada ya dakika kumi Scudder alidhani amemaliza. Profesa hakurudi kwa saa kadhaa. Kwa kuchoshwa, kijana akamtia samaki kidole kinywani kuyapima makali ya meno, akayahesabu magamba, na hatimaye akaanza kumchora. Hapo ndipo alipoona mambo ambayo macho yake yalikuwa yameyapita. Profesa aliporejea alimsikiliza, akamwambia bado hajaona, akaondoka tena. Ilikuwa hivyo kwa siku tatu. Jibu hakupewa asilani.

Mbinu hiyo ndiyo Agassiz aliyotaka iwafikie walimu wa shule za kawaida, waliozoea kukaririsha watoto majina ya wanyama ambao wao wenyewe hawakuwahi kuwashika. Mfanyabiashara wa New York, John Anderson, alimpa kisiwa cha Penikese katika pwani ya Massachusetts pamoja na dola 50,000. Julai 1873 wakafika takriban wanafunzi 50, wake kwa waume, wengi wao wakiwa walimu. Majengo yalikuwa hayajakamilika, hivyo wakakutanikia katika banda kuukuu, mbayuwayu wakiruka juu ya vichwa vyao. Siku ya ufunguzi mzee aliwaomba wasali kimyakimya, tukio ambalo John Greenleaf Whittier alilitungia shairi. Kisha kazi ikaanza: kuvua, kupasua, kuchora, kutazama katika hadubini. Waliofika wakitarajia kuandika mihadhara walijikuta na kiti cha pweza mkononi.

Lakini maisha ya mtu huyu yana upande ambao mwalimu wa Kiafrika hawezi kuupita kwa kuinamisha macho. Alipowaona watumishi Weusi mjini Philadelphia mwaka wa 1846, alimwandikia mamake barua iliyojaa chuki na kinyaa. Mwaka wa 1850 alichapisha hoja kwamba jamii za binadamu hazina asili moja, na mwaka huohuo akaagiza watumwa saba wa South Carolina, miongoni mwao Renty na bintiye Delia, wapigwe picha wakiwa wamevuliwa nguo ili wawe ushahidi wake. Mtu aliyemkalisha mwanafunzi siku tatu mbele ya samaki mmoja aliwahukumu binadamu kwa mtazamo wa kwanza. Hili si dosari ndogo ya zama zake. Ni kuisaliti kanuni yake mwenyewe. Picha hizo zilifukuliwa mwaka wa 1976 katika jumba la makumbusho la Harvard, na mwaka wa 2025, baada ya kesi ndefu, chuo hicho kilikubali kuziachia.

Vilevile aliipinga nadharia ya Darwin hadi mwisho, ilhali wengi wa wanafunzi wake, wakitumia macho aliyowafundisha kuyatumia, waliikubali.

Agassiz alifariki tarehe 14 Desemba 1873. Kaburini pake liliwekwa jiwe lililotolewa kwenye barafu ya Alps. Shule ya Penikese iliendelea mwaka mmoja tu zaidi, ikafungwa. Hata hivyo, David Starr Jordan, aliyekuwa mwanafunzi huko, alikuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwenzake Charles Otis Whitman akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya viumbe vya bahari ya Woods Hole mwaka wa 1888.

Mjini Cambridge, Massachusetts, palikuwa na shule iliyopewa jina la Agassiz. Tangu 1889 mwalimu wake mkuu alikuwa Maria Baldwin, mwanamke Mweusi, aliyeiongoza mpaka alipofariki mwaka wa 1922. Mwaka wa 2002 jina la Agassiz liliondolewa, na shule ikaitwa kwa jina la Baldwin.