Sultani Majid: Mwanzilishi wa Dar es Salaam aliyegombaniwa kiti na ndugu zake

Ukitoka Kariakoo ukashuka mpaka kwenye boti za Zanzibar, ng'ambo ya Barabara ya Sokoine kuna jengo la zamani la mawe linaloitwa Old Boma. Wengi tunalipita tu, macho yakiwa kwenye tiketi. Lilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Majid bin Said, sultani wa Zanzibar aliyeanzisha jiji hili.

Majid alitoka ukoo wa Al Busaid wa Oman. Ukoo huo ulianza kutawala katikati ya karne ya 18, baada ya Ahmad bin Said, liwali wa Sohar, kuwafukuza Waajemi. Mjukuu wake, Seyyid Said, ndiye aliyehamishia makao Zanzibar.

Said akafariki baharini Oktoba 1856. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mwanawe Thuwaini alishika Muscat, Majid akashika Zanzibar. Lakini Thuwaini alitaka vyote. Mwaka 1859 alituma meli za kivita, Waingereza wakazirudisha njiani. Mwaka huohuo mdogo wao, Barghash, akajaribu kumpindua Majid. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Dada yao Salme, binti mdogo bado, alikuwa upande wa Barghash na ndiye aliyewaandikia waasi barua. Yaani vita ilikuwa ndani ya nyumba.

Mwaka 1861 Canning, mtawala wa Waingereza huko India, aliamua kila upande ujitawale, ila Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ukoo ukawa na matawi mawili.

Majid sasa akageukia bara. Alipenda bandari iliyojificha karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga mji wa kuvuta misafara ya biashara. Tusifiche: utajiri wake ulitoka kwenye karafuu na watumwa, na watumwa ndio waliobeba mawe ya mji huu. Septemba 1867 aliwaandalia mabalozi wa Ulaya na Marekani karamu kwenye kasri lake jipya. Jina la Kariakoo halikuwepo hata kidogo, lilikuja na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Salme naye alikuwa ameshatoroka. Mwaka 1866 alipata ujauzito wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akakimbilia Aden, kisha Hamburg. Tawi la tatu hilo, la Kijerumani.

Majid alifariki Oktoba 1870, akiwa na miaka 36 hivi. Kiti kikaenda kwa nani? Barghash yuleyule! Hakuwa na haja na mji wa kaka yake, majengo yakaachwa yaharibike. Dar ilipata uhai tena Wajerumani walipoifanya makao makuu mwaka 1891.

Majid hakuacha mtoto wa kiume. Binti yake, Khanfora, aliolewa na Hamoud bin Muhammed, naye akawa sultani, na mtoto wao Ali akatawala kuanzia 1902 hadi alipojiuzulu 1911.

Baada ya Ali kiti kilichukuliwa na Khalifa bin Harub, mjukuu wa Thuwaini, yule aliyezuiwa baharini. Jamshid, aliyepinduliwa Januari 1964 na kufariki Oman Desemba 2024, alikuwa mjukuu wa Khalifa.