Mwalimu Edward Carey Francis (1897–1966)

Wazee wetu waliosoma Maseno au Alliance hawahitaji kuelezwa Carey Francis ni nani. Ila vijana wa kwaya huenda jina hili wanalisikia leo.

Alizaliwa London. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza alisoma hesabu Cambridge, akafuzu sana, akawa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Angeweza kuzeekea huko. Mwaka wa 1928 aliyaacha yote, akaja na wamisionari wa CMS kuwa mwalimu mkuu wa Maseno, na huko akafundisha hesabu za wavulana wadogo. Vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule nyingi Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1940 alihamia Alliance, Kikuyu, akaiongoza miaka 22. Alikuwa mkali, na si kila mwanafunzi alimpenda. Wakati wa Hali ya Hatari aliwapinga Mau Mau, lakini pia alilalamikia ukatili wa askari wa serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye kaka yake alikuwa msituni, alisoma chini yake miaka hiyo.

Kwangu mimi, makubwa zaidi ni ya mwisho. Alipostaafu mwaka wa 1962, wanafunzi wake wakikaribia kushika serikali, hakurudi kwao. Alienda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida tu katika shule ya sekondari, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Hakuwa na mke wala mtoto. Alifundisha hapo hadi alipofariki, Julai 1966.