Daktari wa Jicho Moja: Maisha ya Denis Burkitt

Madaktari wengi wamepita katika mji wetu wa Kampala, lakini sijui mwingine ambaye habari zake zawafaa wanafunzi kama Dakta Denis Burkitt, aliyekuja Hospitali ya Mulago kuwa mpasuaji mwaka 1948. Jina lake limo katika vitabu vya tiba ulimwenguni pote. Sifa hizo zitakuja baadaye. Mimi nitaanza na jicho lake.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na saa za mapumziko aliwafuata ndege wadogo bustanini mwake. Aliwavika pete miguuni ili amjue kila mmoja, kisha akaandika makao yao katika ramani. Msomaji akumbuke ramani hizo, maana tutazihitaji mbele.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto walikuwa wakitupiana mawe, kama watoto wa kila nchi wafanyavyo. Jiwe moja likavunja miwani yake, na kipande cha kioo kikamwingia jicho la kulia. Waganga hawakuweza kuliokoa. Likatolewa, akawekewa la bandia.

Mtu mwenye macho mawili hupima umbali bila kufikiri. Akipoteza moja, hukosa kikombe anapotaka kukishika, humwaga chai, hujikwaa penye ngazi. Miezi ikipita akili hujifunza njia nyingine: hutazama ukubwa wa vitu, vivuli vyake, na jinsi vinavyosogea mtu ageuzapo kichwa. Hivyo ndivyo mwili unavyojizoesha. Ama moyo, huo huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa macho ya watu hayaachi kumwangalia aliyepungukiwa kiungo, na shuleni hakuna anayesahau.

Alipokwenda Trinity College, Dublin, alianza kusomea uhandisi kama baba yake, kisha akageukia udaktari, akafuzu mwaka 1935. Akachagua kazi ambayo mtu angedhani haimfai kabisa mwenye jicho moja, yaani upasuaji, na mwaka 1938 akapata shahada yake Edinburgh. Vita vilipoanza aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Kiingereza, akakataliwa kwa sababu ya jicho lile. Jeshi halikumkataa. Likamleta Afrika ya Mashariki, akaipenda nchi, na mwaka 1946 Serikali ya makoloni ikampokea, ikampeleka Lira katika Lango. Jicho lilikuwa lile lile moja.

Miaka miwili baadaye akahamia Mulago. Mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mwanamume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Baada ya majuma machache, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akaanza kuwapiga picha wagonjwa na kupekua madaftari ya hospitali, akagundua kwamba watoto hao mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Yote ilikuwa saratani moja, na mwaka 1958 akaiandika katika jarida la wapasuaji.

Kisu hakikufaa. Kukata taya la mtoto ni kumharibu uso, na uvimbe hurudi vile vile. Basi Burkitt akafanya jambo ambalo wapasuaji wengi hawalipendi: akaweka kisu chini na kujaribu dawa zilizokuwa mpya siku hizo. Watoto wengine walipona kabisa, nyuso zikarudi. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko ugunduzi wenyewe.

Hapo ndipo ramani za baba yake zilipozaa. Alituma picha za ugonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, na kila jibu lilipofika alitia alama katika ramani. Mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford pamoja na Dakta Ted Williams wa Kuluva na Dakta Cliff Nelson. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, nao huwa haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huo huo Burkitt alikuwa amesimulia habari zake London, na katika wasikilizaji alikuwamo Dakta Epstein, ambaye mwaka 1964 pamoja na wenzake alivumbua kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule.

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Huko aliona hospitali zimejaa maradhi ya utumbo mpana ambayo kwa karibu miaka 20 katika Uganda aliyaona kwa nadra. Yeye na wenzake wakapima choo cha watu. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula chao kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza walitoa kama gramu 100, na chakula chao kilikaa zaidi ya siku tatu. Akasema sababu ni makapi ya nafaka, maharagwe na mboga, ambayo Wazungu huyaondoa. Si kila alilodai limethibitika, lakini kwamba chakula cha namna hiyo huupunguzia utumbo hatari ya saratani, wataalamu wengi wamekubali. Na hakuona haya: alipiga picha vinyesi vichakani, akawaonyesha mabwana wakubwa katika mihadhara yao.

Cheka ukitaka, lakini haya hiyo yawaumiza watu hata leo. Katika Uganda wako watu ambao utumbo wao ulijisokota ukaziba, na watoto wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa. Na saratani ya utumbo imekuwa ikiongezeka Kampala. Wengi wao mpasuaji huwafungulia mlango tumboni, choo kitoke hapo na kuingia katika mfuko, kwa miezi kadhaa au kwa maisha yote. Mlango huo ni mwekundu na wenye unyevu kama ndani ya mdomo, wala ukiguswa hauumi. Mwanzo huvimba, kisha hunywea kwa majuma sita au manane. Ngozi inayouzunguka ndiyo ya kulindwa, maana choo kikivuja huichoma. Mfuko usipokaa sawasawa ngozi huchubuka, na mifuko yenyewe ni ghali, hata wengine hutumia vitambaa.

Lakini muulize mgonjwa, atakuambia kwamba vidonda si kitu mbele ya hofu ya harufu, na sauti itakayotoka darasani au kanisani. Wengine huacha kula ili wasitoe choo, wakadhoofika bure. Wengine hujifungia nyumbani. Atakayeketi karibu na mtu huyo bengini asimkodolee macho, wala asijifanye hajui kwa namna inayoonekana. Amwulize habari za mpira, kama zamani. Siku mgonjwa anapoweza kubadili mfuko kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwita mama, nusu ya kazi imekwisha.

Burkitt aliingizwa katika Royal Society mwaka 1972, akafa Gloucester tarehe 23 Machi 1993, mwenye umri wa miaka 82. Kituo cha kutibu saratani ile kilifunguliwa Mulago mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na watoto wenye taya zilizovimba wangali wakiletwa huko.