Daktari aliyedai kufika Ncha ya Kaskazini akakosa wa kumwamini

FREDERICK Cook aliaga dunia mnamo Agosti 5, 1940, akishikilia kuwa ndiye binadamu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini ya dunia.

Alizaliwa mwaka wa 1865 katika jimbo la New York, Marekani, akahitimu udaktari mnamo 1890. Mwaka uliofuata aliandamana na mpelelezi Robert Peary hadi Greenland. Peary alipovunjika mguu melini, Cook ndiye aliyemtibu.

Sifa zake zilivuma zaidi mnamo 1898, meli ya Belgica iliponaswa na barafu katika bahari ya Antaktika. Mabaharia waliposhikwa na kiseyeye, Cook aliwalisha nyama ya sili na pengwini, wakapata nafuu. Miongoni mwao alikuwa Roald Amundsen wa Norway, ambaye hakuusahau wema huo.

Mnamo 1906, Cook alitangaza kuwa ameukwea Mlima Denali, Alaska, hadi kileleni. Kisha Septemba 1909 akatangaza kuwa alifika Ncha ya Kaskazini Aprili 21, 1908, akiwa na Wainuit wawili, Ahwelah na Etukishook.

Siku chache baadaye, Peary naye akadai kufika huko Aprili 6, 1909. Marafiki wa jana wakageuka mahasimu.

Cook alikuwa ameacha vifaa na sehemu ya kumbukumbu zake Greenland, na Peary akakataa visafirishwe kwa meli yake. Oktoba mwaka huo, mtu aliyepanda Denali pamoja na Cook akaapa kuwa hawakufika kileleni. Desemba, Chuo Kikuu cha Copenhagen kikaamua kuwa makaratasi aliyowasilisha hayakuthibitisha safari yake ya Ncha.

Picha aliyodai kuipiga kilele cha Denali ilibainika kuwa ya kilima kidogo, karibu kilomita 30 kutoka hapo.

Mnamo 1923 alihukumiwa kifungo kwa ulaghai wa hisa za mafuta. Amundsen alimtembelea gerezani mnamo 1926. Aliachiliwa mnamo 1930, na Rais Franklin Roosevelt akamsamehe mnamo 1940, muda mfupi kabla ya kifo chake.

Madai ya Peary nayo yanatiliwa shaka na watafiti wengi. Hata hivyo, shaka hiyo haikumwokoa Cook. Aliyeokoa maisha ya wenzake barafuni alijiharibia jina mlimani, na alipohitaji kuaminiwa kwa neno lake tu, neno hilo halikuwa tena na uzito.