Friedrich Bessel na Jiwe Lililo Majini

Friedrich Wilhelm Bessel alizaliwa mjini Minden, Ujerumani, tarehe 22 Julai 1784. Shuleni hakukipenda Kilatini, na alipotimiza miaka 14 aliacha masomo akaenda Bremen kujifunza kazi ya ukarani katika nyumba ya biashara. Mchana aliandika hesabu za bidhaa. Usiku alijifunza mwenyewe uongozaji wa meli, kisha elimu ya nyota. Hakupata kusoma chuo kikuu, lakini alikabidhiwa kituo cha kuchunguzia nyota cha Königsberg, akakiongoza hadi alipofariki tarehe 17 Machi 1846.

Wengi humkumbuka kwa kupima umbali wa nyota mwaka 1838. Sisi walimu tuna sababu ya kukumbuka pia majaribio yake ya pendulamu, yaani tufe lililotundikwa likabembea.

Ilijulikana kuwa tufe hubembea polepole zaidi majini, kwa kuwa maji hulisukuma juu. Wataalamu waliridhika na sababu hiyo moja. Bessel alibembeza hewani matufe mawili ya ukubwa sawa, la shaba na la pembe ya ndovu, kisha akafanya majaribio mengine majini. Mwaka 1828 alieleza kuwa kitu kinachokwenda huyasukuma pia maji au hewa iliyokizunguka, kikawa kama kimeongezewa tungamo. Mfaransa Du Buat alikwisha kulionyesha jambo hilo mwaka 1786, lakini likasahauliwa.

Leo wajenzi wa mabwawa hawana budi kulizingatia. Lango la chuma lililozama hutetema polepole kuliko likiwa hewani. Mhandisi akihesabu chuma peke yake, mtetemo wa lango waweza kulingana na msukosuko wa maji yapitayo chini yake. Hapo mtetemo hukua, chuma huchoka, na wakaao bondeni huwa hatarini.

Somo hili halihitaji maabara. Tufunge jiwe kwa uzi, wanafunzi walibembeze hewani, kisha ndani ya ndoo ya maji, wakihesabu na kulinganisha. Tusiwaambie jibu mapema. Na yule asiyependa somo moja tusiharakishe kumhukumu. Huenda mikononi mwake mna kipimo ambacho wenziwe hawajakifikiria.