Mbatian, Laiboni wa Wamaasai, na Baraka Iliyowagawa Wanawe

Katika nyanda za juu za Nainokanoka, kati ya kreta za Olmoti na Empakaai, jina la Mbatian lingali linatajwa kwa heshima. Yafaa tuyatafakari maisha yake, kwa kuwa yanatufundisha mengi kuhusu uongozi na urithi wake.

Mbatian alikuwa mwana wa laiboni Supeet, naye alirithi kazi ya baba yake katika karne ya 19. Laiboni hakuwa mfalme. Hakuwa na kiti cha enzi, wala hakukusanya kodi. Wazee waliamua mashauri ya boma, nao morani walilinda mifugo; laiboni alibariki, alitabiri na kuongoza matambiko. Nguvu yake ilikuwa katika kuaminiwa na watu.

Miaka yake ya mwisho ilijaa majonzi. Homa ya mapafu iliua ng'ombe wengi, kisha ikaja sotoka, na baada yake ndui ikawaangamiza watu. Mbatian alifariki dunia yapata mwaka 1890, katikati ya maafa hayo. Mnamo Machi 1892 msafiri Oscar Baumann alifika Ngorongoro, akawakuta Wamaasai waliokondeana kwa njaa wakiomba chakula.

Wakati huohuo watu waligawanyika. Masimulizi yanayojulikana sana yasema kwamba Mbatian, akiwa mzee na macho yake yamedhoofika, alimwahidi mwanawe Senteu kumkabidhi rungu la chuma asubuhi. Olonana alisikia, akatangulia gizani, akapokea yeye. Msomaji wa Biblia atawakumbuka mara moja Esau na Yakobo katika Mwanzo 27. Hata hivyo, masimulizi hutofautiana kulingana na upande wa msimuliaji.

Matokeo yake hayana ubishi. Ndugu hao wawili walipigana miaka mingi, na watu waliokwisha kupoteza mifugo wakapoteza pia vijana wao. Senteu alikuwa na wafuasi Loita na upande wa Wajerumani; Olonana alishirikiana na Waingereza, nao wakamtambua kuwa mkuu wa Wamaasai. Mwaka 1902 Senteu alimwendea ndugu yake kutafuta amani. Miaka miwili baadaye Olonana aliridhia mkataba ulioyaondoa maboma katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Jamii iliyodhoofishwa na njaa na ugomvi haikuwa na nguvu ya kuilinda ardhi yake.

Kwenye Mlima Kenya kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,199, kinaitwa Batian. Vilele vingine vya mlima huohuo vinaitwa Lenana na Sendeyo. Baba na wanawe wamekutanishwa juu ya mlima mmoja. Nasi tulio wazazi na viongozi tujiulize: je, tumewaandaa watoto wetu kuipokea baraka pamoja, au tunawaachia rungu la kugombania?