Torres Quevedo na Mashine Isiyo na Macho

Wahispania huuita mchezo wa sataranji ajedrez, neno walilolirithi kwa Waarabu kama sisi tulivyolirithi letu. Na ni Mhispania, Leonardo Torres Quevedo, aliyezaliwa mwaka 1852, aliyelitatua swali hili: chombo kisicho na macho kitajuaje kete ziko wapi?

Mwaka 1912 mhandisi huyo aliunda mashine ya kuchezea mwisho wa mchezo tu. Mashine ilikuwa na mfalme mweupe na ngome. Mtu alikuwa na mfalme mweusi peke yake. Mwaka 1914 ilionyeshwa Paris, watu wakastaajabu.

Siri yake ni nini? Hakuitaka mashine ijue sura ya ubao wote wenye vyumba 64. Mfalme mweusi alipotua chumbani, umeme ulipita njia mbili: moja ikieleza safu yake, ya pili mstari wake. Hayo yalitosha. Akiwa upande mmoja na ngome, ngome ilikimbilia upande wa pili; akiwa mbali, alibanwa taratibu mpaka ukingoni. Aliyecheza kinyume cha sheria aliwashiwa taa. Pengine mashine ilikawia, lakini kushinda ilishinda.

Torres Quevedo alifariki Madrid mwaka 1936. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alieleza namna ya kuuandika ubao wote kwa tarakimu: chumba kitupu sifuri, kete nyeupe 1 hadi 6, nyeusi tarakimu zizo hizo chini ya sifuri. Lakini mlango alikwisha kuufungua yule mzee: mashine haihitaji kuona, yahitaji kuambiwa lile la lazima.